Mluzi wa Maji

Mimi sishtuki. Nawaambia mapema, ninyi vijana mnaofundisha mpira siku hizi na koni zenu za plastiki na vyeti vya wiki mbili, ili mjue mnasikiliza nani. Nilizaliwa upande wa Lokitaung, kaskazini mwa Turkana. Shule niliiacha darasa la tatu, ilipokuwa wazi kwamba mwalimu na mimi hatutafikishana popote. Nimekuwa utingo wa lori la samaki, kisha nikawa mwenye lori. Nimelala chini ya gari risasi zikipita juu. Nimeona laga kavu, mto wa mchanga mtupu, ikijaa maji mchana wa jua kali, mjini hakujanyesha hata tone. Nyumba yangu ya Lodwar ni ya mawe, na katika bucha zangu mbili nyama hailali. Mtu kama huyo ashtuke na nini? Basi mwaka wa 2013 nikapeleka timu Kakuma, na tangu siku hiyo neno hili la kutoshtuka nalisema, lakini kwa sauti ya chini kidogo.

Tuanze na mpira wenyewe, maana ndio kazi niliyoifanya kuliko hata nyama. Watu hudhani pasi fupi niliziona kwenye televisheni. Ni kweli, wakati ule kila kijana Lodwar aliyepata shilingi ya kuingia kibanda cha video alikuwa anawatazama Wazungu wakipigiana pasi mpaka wapinzani wanachoka roho. Mimi sikuhitaji kuwatazama. Pasi zangu zilitoka kwenye miiba. Uwanja wetu ulizungukwa na vichaka vya miiba vya mathenge pande tatu, na timu nzima ilikuwa na mpira mmoja. Ukiupiga mrefu, unaingia mathenge. Ukiingia mathenge, unatoka maiti. Kwa hiyo kwangu pasi ndefu ilikuwa kosa kama kumtukana mama, na sheria ilikuwa moja: aliyeupeleka mpira kwenye miiba ataingia mwenyewe kuutoa, tena ataukalia jioni auzibe.

Na kuziba nako ni elimu. Ukiona mwiba umechomeka na mpira bado una pumzi, usiung'oe. Cheza nao hivyo hivyo mpaka mazoezi yaishe, kama dereva anayejua msumari uko ndani ya tairi lakini fundi bado yuko mbali. Ukiung'oa kwa haraka ya kuonyesha bidii, umeua mazoezi ya watu ishirini. Kiraka ni tyubu ya baiskeli, usitumie ya gari, ni nene na mpira utaruka upande kama mlevi. Mambo haya hayafundishwi kwenye wiki zenu mbili.

Nilikuwa na kijana mmoja, Ekai, mshambuliaji. Miguu yake ilikuwa ya kuibia ngamia. Shida ni kwamba akiupata mpira alitaka kumpita kila mtu, akimaliza arudi awapite tena waliosahau. Siku moja nikamwita.

"Ekai, ukichunga mbuzi mia, wewe huchukua mbuzi mmoja ukakimbia naye?"

"Hapana, Apa," akajibu; apa kwetu ni baba.

"Kwa nini?"

"Hao wengine wataliwa na fisi."

"Sasa hao wenzako kumi unawaachia fisi gani?"

Alicheka, lakini siku ile ile alitoa pasi. Elimu hiyo sikuipata kwa kocha yeyote. Niliipata kwa mjomba wangu Lomuria, ndugu ya mama, aliyenifundisha kuchunga kwa fimbo nyembamba ya mkwaju na maneno machache. Nilipenda kukimbia mbele ya kundi nionekane. Alinichapa miguu akaniambia, "Mchungaji anayekimbia mbele ya mbuzi ni mbuzi." Neno hilo nimelifundishia mabeki maisha yangu yote. Mwenye mpira anahitaji mtu nyuma yake kuliko anavyohitaji mtu mbele.

Na ni mjomba huyo huyo aliyenipa miluzi. Kila mtoto wa kwetu anaijua, ni ile ya mdomo tunayochungia mbuzi. Mmoja mrefu unaoshuka: rudini. Miwili mifupi: tawanyikeni mle. Na ule wa tatu, unaotetemeka kama ndege, ndio mluzi wa maji. Mbuzi wakifika kisimani unawapigia huo, wanajua sasa ni ruhusa, wanaingia. Nikaileta yote mitatu uwanjani. Mrefu: mpira urudi kwa kipa, tuanze upya. Miwili: panueni uwanja. Wa maji: wote mbele, shambulieni. Na hakuna mtu, hata kama goli liko wazi kama mlango wa kanisa siku ya Jumatatu, aliyeruhusiwa kupiga shuti kabla ya mluzi wa maji. Vijana wangu wote walikuwa wamekulia nyuma ya mbuzi. Hawakuhitaji kufikiri. Nilisimama pembeni nikapiga mluzi, watu kumi na mmoja wakageuka kama samaki. Hata wapita njia walisimama kutazama, na sikuwalaumu.

Mwaka wa 2012 timu moja ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilikuja kwetu Lodwar. Kocha wao alikuwa Mkongomani, fundi viatu, mtu mwembamba wa sauti ndogo, wote walimwita Papa Kalala. Tuliwafunga mbili bila. Baada ya mchezo akaja kunipa mkono.

"Muzee, timu yako iko muzuri sana," akasema. "Lakini siku utauma ulimi, njo itakuwa namna gani?"

Mngekuwa ninyi mngejibu nini? Mimi nilicheka mpaka bega langu likamgusa. Nikamwambia ulimi wangu umenijengea nyumba ya mawe, hautaniangusha kwenye mpira. Nikamwambia tutakuja kwao Kakuma, tutawafunga kwao. Akasema hana neno. Nikauliza ataweka nini. Akafikiri, akasema wamepewa na wafadhili mipira minane, ya ngozi, haijawahi kuguswa na kiraka. Mipira minane. Nilihisi mate mdomoni kama mtu aliyesikia harufu ya mafuta ya mkia.

"Na wewe, muzee?"

"Lokwang," nikasema. "Na si mkitufunga tu. Hata tukitoka sare, mchukueni."

Vijana wangu waliokuwa karibu wakageuka wote kunitazama.

Ninyi mliozaliwa mjini labda hamjui. Kwetu mwanamume ana dume lake moja, maksai, anamtunza, anamkunja pembe tangu akiwa ndama, anamwimbia. Na watu humwita mtu kwa jina la yule ng'ombe. Lokwang alikuwa mweupe, pembe moja mbele na nyingine nyuma, kazi ya mikono yangu. Mimi nilikuwa Apalokwang, baba wa Lokwang. Jina la kitambulisho lipo, lakini hata benki walikuwa wakiniita Apalokwang. Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa ameshapata habari. Hakugomba. Aliniuliza tu, akichagua mahindi, "Akienda, tukuite nani?"

Nikamjibu haendi popote.

Mwaka uliofuata, kelele za uchaguzi zilipotulia, tukapanda lori langu, wachezaji mbele na Lokwang nyuma, maana watu wa Kakuma walitaka kumwona kabla ya mchezo. Tulifika na vumbi mpaka kwenye meno. Uwanja wao ulikuwa ukingoni mwa laga, upande ambao wenyeji wanachimba visima vya mchangani kunyweshea. Nikamfunga Lokwang kwenye mti karibu na mstari, amtazame baba yake akishinda.

Kitu cha kwanza kilichonigusa ni kimya. Timu ya Papa Kalala haikusema. Fikirini: Wakongomani, Warundi, Wasomali, wawili warefu wa Sudan Kusini, na hakuna aliyeita mpira, hakuna "man on", hakuna "leta". Walikuwa wanatazamana tu. Nikamuuliza Papa Kalala kama wamegombana.

"Hapana, muzee. Ku mwanzo kila mutu aliita na luga yake, ikakuwa soko. Nikasema, mufunge midomo, mutumie macho."

Nikamwonea huruma. Timu bila sauti. Mimi mdomo wangu ulikuwa tayari, nimeulowesha kwa maji ya chupa. Kipindi cha kwanza nilipiga miluzi kama ndege wa asubuhi. Mpira ukarudi kwa Ewoi, kipa wetu, ukatoka kulia, ukarudi, ukatoka kushoto, na wale mabubu wanakimbia tu. Nikaona njia imefunguka. Nikapiga wa maji. Ekai akafunga. Moja bila. Nikaenda nikampapasa Lokwang shingoni mbele ya watu wote.

Kipindi cha pili walikaza. Mtoto mmoja wa Bukavu, mdogo wa mwili, wanamwita Fiston, alitusumbua sana, lakini tuliushika mpira. Dakika zilikuwa zinakwisha. Mtu mwenye akili angepiga mluzi mrefu, mpira urudi nyuma, ulale huko mpaka mwamuzi achoke. Lakini moja bila si ushindi wa mtu kama mimi. Nilitaka mbili. Ekai akapata mpira katikati, beki wao wa mwisho ameteleza, mbele amebaki kipa peke yake. Ekai akanitazama, kama nilivyomfundisha, angoje ruhusa.

Nikajaza kifua. Nikapiga mluzi wa maji mkubwa kuliko yote niliyowahi kupiga. Na upepo wa alasiri ulikuwa unavuma kuelekea laga.

Mbuzi wakaja.

Sikujua kwamba nyuma ya ule ukingo mama mmoja mzee wa kijiji cha Lopur, Ata Nakiru, yaani bibi Nakiru, alikuwa amezuia mbuzi wake wangoje zamu. Walikuwa na kiu ya siku mbili. Kundi la mtu mwingine lilikuwa kisimani upande wa pili wa uwanja, linakunywa. Mbuzi wa Ata Nakiru walisikia ruhusa, na mbuzi mwenye kiu hahitaji kuambiwa mara mbili, wala haulizi ni nani ametoa ruhusa. Walimiminika juu ya ukingo, weusi na weupe na wa madoa, wakakata uwanja moja kwa moja kuelekea kwenye maji ya watu.

Mnajua makundi mawili ya mbuzi yakichanganyika kisimani ni nini? Ni ugomvi wa wiki nzima. Watu wameumizana kwa jambo hilo. Kila Mturkana pale uwanjani alijua.

Ekai akauacha mpira. Uko mguuni, goli liko wazi, akauacha kama mtu anayeweka kikombe chini. Akakimbia kumzunguka mbuzi wa mbele. Winga wa kulia akafunga upande wa kisima. Mabeki wakatanda nyuma. Nikageuka kumtazama Ewoi, nikasema huyu ni kipa, huyu ana akili, na Ewoi nilimwona katikati ya uwanja amenyoosha mikono, anasema "kh, kh, kh" kwa beberu mwenye ndevu. Na si wetu tu. Wale wawili warefu wa Sudan Kusini, wachezaji wa Papa Kalala, nao waliacha namba zao wakaja kuziba pengo la upande wa kaskazini bila kuombwa. Ng'ombe na mbuzi waliwalea na wao.

Mtu mmoja tu uwanjani hakujali mbuzi. Fiston wa Bukavu, mtoto wa mjini, ambaye nadhani maisha yake yote alikuwa amefuga njiwa tu. Akaukuta mpira umekaa peke yake. Akautazama. Akamtazama mwamuzi. Akaanza kuusukuma taratibu katikati ya mbuzi, samahani huku, samahani kule, mpaka golini kwetu, akauweka ndani kwa kisigino.

Nilitaka kupiga kelele. Ndipo nikagundua siwezi kwenda popote, kwa sababu nilikuwa ndani ya uwanja mimi mwenyewe, nimepiga goti, nimeshika mguu wa nyuma wa mbuzi wa madoa. Sikumbuki kuvuka ule mstari mpaka leo.

Mwamuzi alikuwa mwalimu aliyetoka "Kenya", kama tunavyosema sisi wa kaskazini kana kwamba tuko nchi nyingine. Nikamfuata na vumbi langu.

"Mwalimu, hiyo si goli. Mbuzi wameingia."

"Nimewaona."

"Sheria inasema usimamishe."

"Sheria inasema mchezo unasimama nikipuliza. Mimi sijapuliza."

"Kwa nini hukupuliza?"

"Mzee," akasema, "nilikuwa nashangaa."

Akapuliza, lakini kumaliza. Goli moja kwa moja. Sare.

Nikamgeukia Ekai. "Kwa nini uliacha mpira?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Apa, ilikuwa mbuzi ya mtu. Na ni wewe umeita."

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo jambo hili liliponipiga, kuliko goli. Nilitazama uwanja. Mbuzi wote walikuwa wamesimama katikati, duara moja, hakuna hata mmoja aliyefika kwenye maji ya wenyewe. Hakuna aliyekimbia mbele. Ekai, yule wa kuwapita watu wote, alikuwa amejiweka nyuma kabisa, anatembea polepole, anaziba. Mmoja akisogea, wa pembeni yake alikuwa ameshasogea. Na wakati huo wote hakuna aliyepiga mluzi. Mimi nilikuwa nimeshika mguu wa mbuzi. Miaka yote ile nilidhani mimi ndiye kamba inayowafunga pamoja. Nikasimama pale mdomo wazi, nzi wangeweza kuingia.

Ata Nakiru akashuka ukingoni na fimbo yake, akanitazama juu mpaka chini.

"Ni wewe umeita mbuzi yangu?"

"Niliita wachezaji, Ata."

"Wachezaji wanakunywa kisima?"

Watu wakacheka. Papa Kalala hakucheka. Alifungua kamba ya Lokwang kwa mikono miwili, kwa adabu, na Lokwang akanitazama nikipanda lori.

Tulipofika Lodwar mlinzi wa geti langu akaja mbio kunisalimu kama kawaida yake. "Ejok, Apalo..." Akaona nyuma ya lori hakuna kitu. "Ejok, Apa," akasema. Kesho yake sokoni ilikuwa hivyo hivyo. Watu walianza jina wakalikata katikati, wakakohoa. Mtu aliyenidai kondoo aliniita "wewe". Nilikuwa na nyumba ya mawe na lori na bucha mbili, na hakuna aliyejua aniite nani.

Siku ya tatu nikarudi Kakuma na lori, nikiwa nimejiandaa kukuta ngozi. Lokwang alikuwa kwenye kivuli nyuma ya kibanda cha viatu, anakula majani aliyokatiwa. Vijana wa timu walikaa karibu, wanamtazama kama watu wanaotazama sufuria.

"Hamjamchinja?" nikauliza.

Papa Kalala aliweka kiatu chini. "Batoto bako na njaa ya nyama, muzee, sitakudanganya. Lakini nilisikia bale banaita weye na jina yake." Akaokota kile kiatu tena. "Unajua Kalala njo nani? Njo mwana yangu ya kwanza. Tulipotezana ku njia ya kukimbia, sijue iko wapi mupaka leo. Jina njo ilibakia kwangu. Mutu hawezi kula jina ya mwenzake."

Nilikaa juu ya kopo la rangi, tukatazama ng'ombe.

"Lakini batoto niliwaahidi," akasema baadaye. "Leta mbuzi saba, bakule, bashibe, tumalize. Na mipira mibili uchukue, ya kufundishia. Ile ya viraka inaniumiza roho."

Hivyo ndivyo nilivyobadilisha kazi yangu. Tangu siku ile, mchezo ukianza, najaza njugu mdomoni. Ukiwa na njugu mdomoni huwezi kupiga mluzi. Wiki za kwanza vijana walikuwa wakinigeukia, wananitazama, mimi natafuna. Kisha wakaanza kutazamana. Fundisheni siku za wiki, fundisheni mpaka sauti ikauke, lakini mchezo ukianza tafuneni. Waliokuja baadaye na kusema timu yangu ya mwisho ilicheza vizuri kuliko ya miluzi hawakukosea, na kocha alikuwa ni mimi yule yule, kwa hiyo sifa bado ni yangu.

Lakini mbuzi saba ilibidi wapatikane siku ile ile, kabla wale vijana hawajabadili mawazo, na soko lilikuwa limeshafungwa. Mwenye mbuzi karibu alikuwa mmoja. Nikaenda Lopur kwa miguu, nikiwa na elfu mbili na mia tano kichwani kwa kila mbuzi, bei ya soko, bei niliyonunulia kwa bucha zangu mwezi mzima. Ata Nakiru alikuwa kivulini. Akasema elfu tatu na mia mbili.

"Ata, mimi ni mtu wa nyama. Naijua bei ya mbuzi."

"Hiyo ni bei ya mbuzi ya soko," akasema. "Hii yangu imecheza mpira. Mpaka kambini wanaijua."

Nikamwambia mbuzi ni mbuzi. Akasema basi nipige ule mluzi wangu, labda watanifuata bure. Wajukuu wake wakaanguka kwa kicheko. Nikatoa pesa. Alipomaliza kuzihesabu akanyoosha kiganja tena: bado tumbaku, kwa moyo wake uliotaka kupasuka siku ile alipoona mbuzi wake wanakwenda kwenye maji ya watu. Nikatoa na ya tumbaku.

Jioni nilimpandisha Lokwang kwenye lori, na getini mlinzi akaliita jina lote mpaka mwisho. Mbuzi saba kwa elfu tatu na mia mbili, tumbaku ya mia tatu na hamsini: shilingi elfu ishirini na mbili, mia saba na hamsini.